Kipengele cha Tisa

Iyunga, saa moja asubuhi, ukungu haujaondoka.
Scania iliyoanguka mteremko wa Mbalizi
imelala uwanjani kwangu, pua imepondeka,
nasi tunaikamua kama ng'ombe mgonjwa:
oili pipa la kwanza, dizeli pipa la pili,
maji ya breki kwenye dumu lililochorwa msalaba,
kulanti, ile ya kijani, beseni lenye kifuniko,
tangu mbwa wa Mwaisumo ailambe, tamu ile,
akafa siku ya pili mlangoni pangu,
naye Mwaisumo akadai bei ya ndama.

Ndipo nikamwita mtu wa bima.

Alikuja na viatu vya kung'aa,
akatafuta pa kukanyaga, hakupaona.
Akatandaza karatasi juu ya boneti ya Korola.
Moto? Tunalipia.
Wizi wa vipuri? Tunalipia, ukiwa na ukuta.
Sina ukuta. Nina mikaratusi na mdomo wangu.
Pipa likipasuka ghafla, oili ikaingia viazi vya jirani?
Ghafla, tunalipia.
Akalamba kidole, akafunua ukurasa.
"Ila soma cha tisa, mama.
Kinachovuja polepole, hicho hatukijui."

Polepole.
Marehemu Ambilikile, mume wangu,
alichimba shimo kando ya mparachichi,
miaka kumi na minne akimimina humo.
"Ardhi ni tumbo," alikuwa akisema,
"inameza, haidai."
Mparachichi ulikauka tawi baada ya tawi,
kama mtu anayeacha kukusemesha
bila kukuambia kosa lako.
Chini ya mteremko kuna kisima cha Bi Tusubilege.
Mvua za Machi zikifika
maji yake huvaa rangi za shingo ya njiwa.
Huzitenga kwa kata, huchota chini yake,
hunisalimu,
nami huitikia harakaharaka.

Nikamuuliza kijana: bima inaanza lini?
"Kesho, ukilipa leo."
Na jana je?
Akacheka kidogo, akaitazama kalamu yake.
Jana haina kampuni.

Nimepiga hesabu kwa chaki ubavuni mwa Fuso:
malipo ya mwaka ni giaboksi mbili,
sakafu ya zege wanayoitaka ni giaboksi sita,
na mtu wa kuja kuyabeba mapipa, mwenye kibali,
huyo anatoka mbali, anataka mafuta ya kwenda na kurudi.

"Wafanyakazi?" akauliza.
Wawili.
Nyundo ikagonga chini ya Scania.
"Na huyo?"
Huyo Lwitiko, ni mtoto wa hapahapa.
Jeki mbili, gogo moja la mkaratusi,
tunaona miguu tu, soksi hazifanani.
"Jeki ikiteleza, mama,
atakuwa mtoto wa nani?"

Sikumjibu. Nilimpa chai, hakumaliza.

Jioni nikabaki na fomu na tochi ya simu.
Lwitiko, nikaita, jina la baba yako nani?
Miaka miwili anajua chai yangu haitiwi sukari,
anajua goti langu la kushoto linatabiri mvua,
mimi ukoo wake siujui.
Akajivuta kutoka chini, oili hadi kwenye kope.
"La nini? Unanifukuza?"
La bima.
"Ya gari?"
Ya wewe.
Akasugua mikono kwa machujo ya mbao,
akasugua hata palipokwisha takata,
kisha akanitajia herufi moja moja:
M, w, a, l, w, i, s, i.
Nikaandika. Mkono wangu si mzuri, ila panasomeka.

Swali la kumi na tatu nimeliruka:
*Je, ardhi ilikuwa safi ulipoanza biashara?*
Kisanduku kile bado cheupe.
Nje giza, baridi inauma masikio,
na Scania haijaisha, inaendelea,
tone,
beseni,
tone.
Kesho nitateremka kisimani
kabla Bi Tusubilege hajachota.